Tulichowaambia Wageni Kabla ya Wenyewe

Huenda msomaji wa kurasa hizi za familia akadhani kwamba mkutano wa wanakemia hauna linalomhusu. Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipoulizwa mjini Roma swali ambalo jibu lake lilikuwa Kasesya.

Septemba 2024 tulijaaliwa kuhudhuria mkutano wa kimataifa wa kemia ya dawa, ambao shirikisho la fani hiyo barani Ulaya huuandaa kila baada ya miaka miwili. Kemia ya dawa ni elimu ya kutafuta kiini kinachotibu, kisha kukirekebisha hadi kiwe kikali kwa ugonjwa na kipole kwa mgonjwa. Wanafani husimulia sana habari za Bi Tu Youyou wa China. Yeye alirejea kitabu cha tiba cha Ge Hong, chenye umri wa miaka 1,600 na zaidi, akatambua kwamba mmea wa jamii ya pakanga haufai kuchemshwa, kwani moto huharibu kiini chake. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa dawa hiyo wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto ya malaria tunayopewa katika zahanati zetu asili yake ni kiini hicho.

Bango letu lilihusu gome la mti mmoja wa Ufipa. Jina lake hatulitaji, na sababu itaonekana. Bibi yetu, mzaa mama, anaishi Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, na kwa miaka mingi amewachemshia gome hilo wenye homa. Wengine humjia kutoka upande wa Mbala. Hatozi fedha, anayepona humletea ulezi au maharage. Ndiye aliyetupeleka mtini, akatufundisha kubandua upande mmoja tu wa shina ili mti usife.

Katika maabara, maji ya gome hilo yaliua vimelea vya malaria, tukafurahi. Kisha tukayajaribu kwenye seli za ini la binadamu, nazo zikafa. Mwanakemia akipata jibu kama hilo huliandika, hulichorea jedwali, huomba nafasi ya kuliwasilisha. Ndivyo tulivyofanya.

Mama mmoja wa makamo alilisoma bango letu hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Wanaokunywa dawa hii wameambiwa?"

Tulianza kueleza kwamba yaonekanayo ndani ya kichupa siyo lazima yatokee mwilini, na kwamba uchunguzi unaendelea. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa jibu. Akatikisa kichwa, akaondoka.

Adhuhuri ilipoingia tulitafuta pembe tulivu nyuma ya ukumbi, tukaswali. Baada ya salamu hatukuweza kuinuka. Dini yetu imeamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, na imemwajibisha anayetibu watu bila ujuzi. Bibi hakuwa na ujuzi huo kwa sababu sisi tuliokuwa nao tulinyamaza. Je, dhamana ilikuwa juu ya nani?

Tuliporudi nchini hatukupitia chuoni. Tulipanda basi hadi Sumbawanga, tukapita Matai, tukafika Kasesya jua likizama. Bibi alikuwa akipukuchua maharage. Baada ya kujuliana hali tukamweleza yote, bila jedwali. Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Tangu Rajabu, Bibi."

Huo ulikuwa mwezi wa Rabiul Thani. Akaanza kuhesabu kwa vidole aliowapa dawa tangu Rajabu. Alipomtaja mama mmoja aliyekuwa na mimba, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mti nilikuonesha kwa siku moja. Jibu lake limechukua miezi tisa kunirudia."

Hakutukaripia, na afadhali angetukaripia. Alilifunga gome lililobaki katika kitambaa, akaliweka juu ya kabati. "Mkilijua vizuri, mtaniambia. Mimi kwanza." Asubuhi alituomba tumsindikize nyumba kwa nyumba. Tulipotaka kumsemea alikataa: nilichowapa kwa mkono wangu, alisema, nitawaambia kwa kinywa changu. Alhamdulillah, wote tuliowakuta walikuwa wazima, na yule mama alikuwa amejifungua salama. Lakini salama yao haikutokana na uangalifu wetu.

Mwaka 2010 mataifa yalikubaliana huko Nagoya, Japani, kwamba faida itokanayo na mimea na maarifa ya wenyeji igawanywe kwa haki na wenyeji hao. Ni makubaliano mema, na ndiyo sababu hatutaji mti huu: habari zake si zetu kuzitangaza bila ridhaa ya Bibi. Hata hivyo, kabla ya faida kuna haki iliyotangulia, haki ya mtu kujua anachokunywa na anachowanywesha wenziwe. Leo kila tunapopata jibu la maabara, barua ya kwanza huenda kwa aliyetuonesha mmea.

Nawe, ndugu msomaji, usiwadharau wazee wenye miti yao, wala usidhani kila kitokacho porini hakina madhara. Mtoto akipata homa, apelekwe zahanati apimwe kwanza. Na kama amekwisha kunyweshwa dawa ya kienyeji, mwambie mganga wa zahanati bila haya. Kunyamaza, kama tulivyojifunza, nako kunaweza kudhuru.