Vinyago vya Oruro
Wakati wa kanivali, mimi na rafiki yangu, Waganda wawili, tulifika Oruro nchini Bolivia tukiwa na mabegi mgongoni. Mji huo uko mita 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tulihema kila hatua. Watoto walitumwagia maji na povu, tukacheka. Kisha wachezaji wa morenada wakapita na vinyago vyeusi vyenye macho makubwa na midomo minene. Rafiki yangu akanyamaza. Mzee mmoja akatueleza kwa Kiingereza cha kuungaunga kuwa ngoma hiyo huwakumbuka Waafrika waliopelekwa utumwani kwenye migodi ya Potosí. "Wanatucheka," akasema rafiki yangu. Mimi niliona wanatukumbuka. Mpaka leo hatujakubaliana.