Mtongwe: Tuulizane dini ili tukaribishane

MPENZI msomaji, kama hujawahi kufika Mtongwe, fuatana nami Jumapili hii. Safari yenyewe si ndefu. Ukiwa Mombasa mjini, panda matatu hadi Feri, vuka maji pamoja na umati wa watu mpaka upande wa Likoni, kisha tafuta gari la Mtongwe. Nyuma ya nyumba za upande wako wa kulia yako maji ya Kilindini, na ng'ambo ya maji hayo utaona winchi za bandari zimesimama kama twiga wenye kiu.

Mtongwe haina fahari ya hoteli za Diani wala za Nyali. Mgeni wa kwanza huonyeshwa lango la kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, jeshi lililoundwa rasmi tarehe 12 Desemba 1964, naye huonywa papo hapo kwamba picha hazipigwi. Kambi hiyo, pamoja na kazi za bandarini, ndiyo iliyoufanya mtaa huu uwe na mchanganyiko wa watu. Wenyeji ni Wadigo na Waswahili, ambao wengi wao ni Waislamu. Kando yao wanaishi Wakamba, Wataita, Waluo, Wakikuyu na wengineo walioletwa na mkate wa kila siku, na wengi wa hao ni Wakristo. Ijumaa mchana utaona kanzu nyeupe zikielekea msikitini, na Jumapili utasikia ngoma na makofi kutoka makanisani. Siku zilizobaki wote hununua mahamri na mbaazi kwa mama yule yule.

Teremka sasa hadi ufukweni, kwenye kivuko. Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka hapa kuelekea kisiwani. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na abiria wengi walikuwa wakienda kazini. Watu 272 walikufa maji. Tangu siku hiyo huduma ya feri katika kivuko hiki imesimama na kurejea zaidi ya mara moja, na mwaka 2017 ilizinduliwa upya. Ndiyo maana nimekupitisha njia ya Likoni.

Maji yale hayakuuliza nani ameswali alfajiri na nani amepiga magoti kando ya kitanda kabla ya kutoka. Waliozikwa kwa dua na waliozikwa kwa nyimbo za kanisa walikuwa abiria wa chombo kimoja. Mtu akikwambia kwamba sisi wa dini mbalimbali hatuna jambo linalotuunganisha, mlete hapa ufukweni umwonyeshe maji haya.

Lakini pwani hii imeona pia mambo mengine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakahama makwao, hasa wale walioitwa watu wa bara. Chanzo chake kilikuwa siasa na ukabila kuliko dini, ila jirani alianza kumwogopa jirani. Baada ya machafuko hayo viongozi wa dini wa Pwani walianza kukutana, na kutokana na juhudi hizo lilizaliwa baraza lao la pamoja, linalojulikana kwa herufi CICC. Humo masheikh, maaskofu, wachungaji, Wahindu na wazee wa dini za asili huketi meza moja.

Miaka ikapita. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja hapo Likoni wakati wa ibada, wakaua watu wasiopungua sita. Mwaka uliofuata, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walivamia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 walikufa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Baadhi walishambuliwa wakiwa katika maombi ya asubuhi, na wauaji waliwatenga Wakristo kabla ya kuwaua.

Umeona tofauti, msomaji? Maji ya Mtongwe yalichukua watu bila kuuliza. Wauaji wa Garissa waliuliza kwanza. Tangu hapo wengi wetu tumeliogopa swali lenyewe, "Wewe ni wa dini gani?" Tukadhani kwamba dawa ni kutoliuliza kabisa, hasa vyuoni. Mimi naona tumekosea, na nitakueleza kwa nini.

Kijana wa Mtongwe akipata nafasi ya masomo ya juu huenda akavuka maji kila siku kwenda Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo hicho kina historia ambayo kila mwanafunzi wake angefaa kuijua. Kilipofunguliwa rasmi mwaka 1951 kiliitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kwa kifupi MIOME. Kilijengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mafunzo ya mwanzo yalikuwa ya umeme na useremala, na ubaharia ukaja baadaye. Kisha milango ilifunguliwa kwa watu wa dini zote. Mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikapata hadhi kamili ya chuo kikuu.

Katika ofisi za MIOME alifanya kazi ya ukarani kijana mmoja wa Mombasa, Ali Mazrui. Kijana huyo alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi, na Gavana Philip Mitchell, Mwingereza na Mkristo, akaisikiliza. Hotuba hiyo ilimfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza mwaka 1955. Tunamkumbuka leo kama Profesa Mazrui, aliyeueleza ulimwengu mwaka 1986 kwamba Afrika imelelewa na urithi wa aina tatu: wa Kiafrika wenyewe, wa Uislamu na wa nchi za Magharibi. Alifariki Marekani mwaka 2014 akarudishwa kuzikwa Mombasa. Fikiria kama gavana yule angesema, "Maulidi si mambo yangu," akabaki nyumbani kwake.

Sasa nikuungamie kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja, nilichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wanafunzi. Niliitisha mkutano wa kupanga karamu ya kufunga muhula. Niliuweka siku ya Ijumaa, saa saba mchana, kwa sababu ukumbi ulikuwa wazi. Wakati huo nusu ya wenzangu walikuwa msikitini. Tukapitisha kila kitu bila wao: nyama itoke wapi, nani apike, sherehe iwe lini. Tukachagua Jumamosi asubuhi, saa ambayo wenzetu Wasabato wako ibadani. Siku ya karamu ilipofika hapana aliyejua nani amemchinja mbuzi. Waislamu wengi walikaa na soda na mkate mkavu mbele yao, wakitabasamu kwa heshima. Nilimwendea rafiki yangu mmoja, mtoto wa Mtongwe, nikamwambia, "Samahani ndugu yangu, hatukukusudia kuwafukuza." Akanijibu kwa upole, "Hamkutufukuza. Mlitusahau tu."

Neno hilo limekaa nami hadi leo. Mgeni hahitaji kupigwa teke ndipo ajue kwamba si wa nyumba hii. Inatosha awekewe sahani asiyoweza kula. Nasi tulisahau kwa sababu hatukuuliza. Tulijiona watu wema kwa kutotaja dini ya mtu, kumbe kutokuuliza kwetu kuliwaacha wenzetu nje ya mlango.

Basi, wewe kiongozi wa wanafunzi unayesoma ukurasa huu, uliza. Uliza mwanzoni mwa muhula, hadharani na kwa heshima, na useme wazi kwamba unauliza ili upange mambo vizuri. Kisha anza na saa. Chukua kalenda, weka alama kwenye sala ya Ijumaa, ibada ya Jumamosi na ya Jumapili, Ramadhani na Idi, Pasaka na Krismasi, Diwali pia. Mikutano yako ikwepe saa hizo. Mtihani ukiangukia siku ya ibada ya mtu, usimwachie aende peke yake kumwomba mkuu wa idara. Nenda naye.

Halafu chakula. Mchinjaji awe Mwislamu, na nyama itoke kwa mwuzaji anayejulikana, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Usimsahau Mhindu asiyekula nyama, mpikie maharage ya nazi yasiyochanganywa na mchuzi wa nyama. Mwezi wa Ramadhani bwalo lisifungwe mchana, kwa maana Mkristo hana wajibu wa kufunga. Magharibi ikiingia, Mwislamu akute tende na uji, na jirani yake asiyefunga akaribishwe kwenye futari. Nimeona urafiki mwingi ukianzia kwenye sinia moja kuliko kwenye makongamano kumi.

Tatu ni mahali. Chumba cha sala kisiwe stoo ya viti vilivyovunjika. Kama chumba ni kimoja na vikundi ni vitatu, andikeni zamu ukutani. Nne ni msiba. Mwanafunzi akifiwa, ujumbe wa rambirambi uwe na watu wa dini mbalimbali, wajue mapema kwamba Mwislamu huzikwa haraka na kwamba Mkristo huenda akasubiri siku kadhaa. Tano ni uvumi. Likitokea shambulio popote nchini, viongozi wa vyama vya dini chuoni wakutane siku hiyo hiyo, watoke pamoja mbele ya wenzao kabla simu hazijaanza kupitisha uongo bwenini.

Jambo la mwisho ni maandishi. Sheria ya vyuo vikuu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inampa kiongozi wa wanafunzi muhula wa mwaka mmoja, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Wema wako ukikaa kichwani mwako utaondoka nawe. Uandike katika kalenda na kanuni za chama, ili ajaye aukute. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iko nyuma yako. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake.

Wapo watakaonung'unika. Watasema kwamba kuchanganyika hivi kutapunguza imani za vijana. Nawajibu kwa kisa cha hapa hapa Mombasa. Mwaka 1844 mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf alifika mjini, akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin. Kadhi hakubatizwa, na Krapf hakusilimu. Kila mmoja alibaki na dini yake, na lugha yetu ikafaidika.

Kama kisa hicho ni cha zamani mno kwako, kumbuka basi lililovamiwa karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera, tarehe 21 Desemba 2015. Wavamizi waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Kuchanganyika na wenzake hakukuipunguza imani ya mwalimu huyo. Tuliona sote jinsi ilivyokuwa nzito.

Jua linapozama Mtongwe, taa za bandari huwaka ng'ambo, na watu hurudi kutoka kisiwani wamechoka. Keti kidogo kwenye benchi la muuza viazi karai. Utaona wanafunzi wakishuka na mikoba mgongoni, mmoja na hijabu, mwingine na msalaba mdogo shingoni, wakigawana kahawa na karanga na kucheka mambo ya mhadhiri wao. Hawa wameshajifunza mtaani lile ambalo vyuo vingi bado vinalitafuta. Wanajuana dini kwa sababu wamelelewa karibu karibu. Fatuma anajua siku ya kwaya ya mwenzake, na mwenzake anajua saa ya Fatuma ya kuswali.

Kazi ya kiongozi ni kulivusha jambo hilo likafike chuoni, kwa wale ambao hawakubahatika kuzaliwa katika mtaa kama huu. Kesho Jumatatu, kabla hujabandika tangazo la mkutano wako, muulize kwanza mwenzako: "Saa hiyo itakufaa?"