Kwa Vinyozi wa Tabora, Chini ya Miembe

Msafiri ashukaye katika stesheni ya Tabora, jambo la kwanza linalompokea ni kivuli. Miembe imesimama kando ya barabara, mikubwa, ya siku nyingi, na wenyeji husema kwamba mingi iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wa misafara ya zamani, wakienda pwani na kurudi. Reli ilifika hapa mwaka 1912, misafara ikakoma, miembe ikabaki. Chini yake watu hufanya kila kazi: huyu anashona viatu, yule anaziba mpira wa baiskeli, mama mmoja anauza asali ya miombo katika chupa, na pembeni, kwenye kiti cha mbao chenye mguu mmoja uliotiwa kijiwe, mtu ananyolewa.

Saluni zenye umeme, vioo vya ukuta mzima na picha za wachezaji wa mpira ziko nyingi mjini, na vijana huzipenda. Mimi sina ugomvi nazo. Lakini nilikuwa na wapwa wawili, watoto wa dada yangu, tuliotoka nao kijijini upande wa Urambo kwa basi la alfajiri, na vichwa vyao vilihitaji mtu mwenye subira. Mkubwa, wa miaka kumi na saba, alikuwa na vipele vigumu kisogoni, vingine vimetoa usaha. Mdogo alikuwa na mabaka yasiyo na nywele, meupe kama yamemwagiwa majivu. Huyu mdogo alikuwa katika mafundisho ya Kipaimara, imebaki miezi miwili, naye alikuwa amekwisha kumwambia mama yake kwamba hatakwenda. Baba Askofu atamwekea mkono juu ya kichwa kile mbele ya watu wote! Mama yake, maskini, kila Jumamosi alimnyoa upara kwa wembe ili mabaka yasionekane. Yakazidi.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja. Sanduku lake la vifaa lilikuwa na picha ndogo imebandikwa ndani ya kifuniko: mtawa mweusi ameshika ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula sahani moja. Ni Mtakatifu Martino wa Porres. Si wengi wajuao kwamba yeye alikuwa kinyozi. Alizaliwa Lima, nchi ya Peru, mwaka 1579. Baba yake Mhispania, mama yake mwanamke mweusi aliyekuwa ametoka utumwani. Akiwa bado mtoto alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi, na katika siku zile kinyozi alikuwa pia mganga, akifunga vidonda na kutoa damu. Kazi hiyo aliingia nayo katika nyumba ya Wadominikani, akawatibu watumwa na matajiri pamoja, hata alipokufa mwaka 1639. Papa Yohane XXIII alimtangaza Mtakatifu mwaka 1962, na vinyozi wote wako chini ya ulinzi wake.

"Shikamoo, babu," wakasema wapwa zangu.

"Marahaba, wajukuu zangu. Kofia chini."

Akamtazama mdogo kwanza. Hakumgusa kwa mashine wala mkasi. Alimgeuza kichwa kwenye mwanga, akatazama nyuma ya masikio, akasema: "Huyu simnyoi."

Mtoto akainamisha uso. Nami, nisifiche, niliona uchungu, maana tulikuwa tumesafiri kwa ajili hiyo hiyo. Lakini mzee akaendelea kwa upole: "Haya ni mapunye, bwana. Nikimpitishia mashine yangu, watakaokaa kiti hiki baada yake watakwenda nayo nyumbani. Mpeleke hospitali leo, kisha umrudishe kwangu. Nafasi yake namwekea."

Hapo ndipo nilipomheshimu. Kinyozi anayekataa fedha ni adimu.

Hospitalini walisema yale yale. Mapunye ni ukungu unaoingia mpaka kwenye shina la nywele, na kwa sababu hiyo mafuta ya kupaka peke yake hayaufikii. Inatakiwa dawa ya kumeza, wiki sita hata nane, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo kama maziwa au karanga, na isiachwe katikati kwa kuwa mtoto ameanza kupendeza. Watoto wengine wa nyumba hiyo watazamwe pia, na kitana, kofia na taulo visitumiwe na wawili. Wembe wa kila Jumamosi ulikuwa ukichubua ngozi tu.

Basi tukarudi kwa mzee kwa ajili ya yule mkubwa.

Sisi wengi tuna nywele za kipilipili, na kazi ya kuzikata si ile ya kukata nywele za singa. Unywele wa singa hutoka kichwani umenyooka, na ukiukata husimama pale ulipoukata. Wetu hutoka katika kishimo kilichopinda, nao wenyewe ni bapa kidogo, kwa hiyo hujisokota tangu siku ya kwanza. Mafuta ya ngozi hayapandi vizuri juu ya msokoto, ndiyo maana nywele zetu hukauka na kukatika penye kona. Ukizinyoa kwa wembe mpaka chini ya ngozi, ncha yake kali hujikunja na kurudi kuingia mwilini kama mwiba. Mwili huipigana nayo, pakatoka kipele. Hivyo ndivyo alivyoumia mpwa wangu, ambaye alipenda ukingo wa kisogo uchongwe kwa wembe kila wiki.

Mzee hakutumia wembe kabisa. Alizichana nywele kwa chanuo la meno mapana, zikiwa kavu, akiziinua taratibu kutoka kwenye ngozi hadi zikasimama zote, ndipo akakata kwa mkasi kile kilichozidi, akizunguka kiti na kurudi nyuma hatua mbili kutazama umbo. Kisogoni alipitisha mashine yenye kitana chake, akaacha nywele fupi lakini zisizogusa ngozi. Akamwonya asitumbue vipele, asivae shati la kola ngumu, na kama pakivimba kovu aende kwa daktari asingoje.

Nikamwuliza kwa nini hakutia maji, maana wahenga walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji. Akacheka sana. "Hao walisema habari ya wembe, mwanangu. Wembe unataka maji na sabuni. Mkasi unataka nywele kavu. Nywele za kujikunja zikilowa hurefuka, hukudanganya. Ukikata hapo, zikikauka zinaruka juu, mtu analia." Akaniambia kwamba ndivyo ilivyo hata kwa wateja wake wenye nywele za mawimbi, Waarabu na machotara wa mjini: huwakata zikiwa kavu, na huwaachia urefu zaidi ya walioutaja, kwa sababu kupunguza tena ni rahisi, na kurudisha hakuna.

Baada ya kila kichwa alifanya jambo ambalo ningependa kila mama alitazame kabla ya kumkalisha mwanawe kitini. Alipiga mashine kwa brashi hadi nywele zote zikatoka, akaifuta meno kwa pamba yenye spiriti, akangoja ikauke, akatia tone la mafuta. Mteja aliyetaka ndevu zichongwe alifunguliwa wembe mpya mbele ya macho yake, na ule wa zamani ukatupwa katika kopo lenye kifuniko. Damu kidogo isiyoonekana yatosha kubeba homa ya ini au virusi vya ukimwi. Kama kinyozi wako anaudhika ukimwomba afungue wembe mpya, ondoka, hata kama ni jirani yako.

Mdogo alimeza dawa yake wiki nane, mama yake akihesabu siku kwa kalenda ya parokia. Wiki moja kabla ya Kipaimara tulipanda basi tena. Mabaka yalikuwa yameota nywele, laini bado, fupi kuliko zile za pembeni. Mzee akamgeuza kichwa kwenye mwanga kama siku ile, akapapasa nyuma ya masikio, kisha akapiga vumbi la kiti kwa kitambaa.

"Kaa, mjukuu wangu," akasema. "Tutazipunguza za pembeni zilingane na wageni."

Mtoto akavua kofia mwenyewe, akanipa niishike.