Sendofu ilinikuta Kilangali na uso wa mkorogo

Siku kumi na nane kabla ya sendofu yangu nilipanda bodaboda Mikumi, njia ya kwenda Kilosa, nikashukia Kilangali kwa shangazi. Ilikuwa msimu wa mavuno. Huku mpunga ndiyo habari ya mji: bonde zima la njano, magunia barazani, watoto wanafukuza ndege toka alfajiri. Hata serikali ina shamba lake la mbegu hapa.

Shangazi hakunipa hata maji. Alinishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga.

"Mwanangu, umepaka nini?"

Mpenzi msomaji, nilikuwa natumia mkorogo miezi minne. Kichupa hakina hata jina. Mchumba alinikuta nimeshaanza kung'aa, na sikuwahi kumwambia. Kesho kutwa yake nilikuwa na miadi ya saluni Morogoro, kuchubua uso kwa asidi ili siku ya shughuli niwake zaidi.

Nikapiga simu kuthibitisha. Yule dada wa saluni, Mungu ambariki, hakukimbilia hela. Aliuliza maswali kama hakimu. Krimu gani unatumia? Umenyoa au kung'oa vinyweleo kwa nta wiki hii? Una vidonda vya mdomoni? Unashinda juani? Nilipotaja mkorogo na shamba la mpunga, akasema: "Dada, sikugusi."

Akanieleza. Mikorogo mingi ina dawa za kundi la steroidi, ambazo hukondesha ngozi, au hydroquinone, au zebaki ambayo huharibu figo. Hydroquinone na zebaki zilishapigwa marufuku nchini kwenye vipodozi (tangu 2019 kazi ya kuvisimamia iko TBS), lakini vichochoroni bado vipo. Ngozi iliyokonda ukiipaka asidi inaungua, na sisi weusi tukiungua tunabaki na madoa ya miezi. Hata mwenye ngozi nzima hujiandaa: wiki mbili bila jua kali, krimu za retinoidi anaziacha mapema, hasugui, hanyoi, anapaka losheni laini na kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, kisha anajaribiwa nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Mimi akanituma kwa daktari wa ngozi kwanza, maana mkorogo wa steroidi ukiukata ghafla uso unaweza kulipuka.

Nililia, sifichi. Jioni nikaona shangazi anatwanga chenga za mchele, nikamwomba unga kidogo nijisugue. Akanipokonya kinu. "Ngozi iliyochubuka haisuguliwi. Inafunikwa."

Basi nikafunikwa: khanga kichwani, kofia ya ukindu juu yake, shati la marehemu mjomba lenye mikono mirefu. Nilivuna alfajiri, saa nne nimeshaingia kivulini. Daktari nilimwona wiki hiyohiyo, akanipangia namna ya kuacha kidogo kidogo.

Kazi ngumu ilikuwa mchumba. Nilimpigia nimesimama juu ya tuta, ndipo mtandao unaposhika, nikamwambia yote, na kwamba sendofu atakutana na sura nyingine, yenye mabaka.

Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha.

"Nilijua," akasema. "Vidole vyako vina rangi yako. Huo mchele wa shangazi, utakuja nao?"

Nilirudi na gunia zima.