Mwani wa Torö

Jumapili, 14 Julai 2024

Leo, huku Sweden, nimepanda treni hadi Nynäshamn, kisha basi hadi Torö. Ufukwe wote ni kokoto, na mwani wa kahawia umerundikana juu yake hadi magotini. Harufu yake ni ile ile ya kwetu Kunduchi maji yakitoka, ingawa bahari hii haijui bamvua wala maji mafu. Hakuna aliyeuzoa. Kwetu hoteli ya jirani huuzoa kwa trekta kila asubuhi ili wageni wasikanyage, na kila koleo linaondoka na mchanga. Mwani uliolala ndio unaoushika mchanga pale ufukweni. Miaka mingapi tumeutazama kama takataka!

Jumanne, 16 Julai

Dada amepiga simu. Kwenye bamvua lililopita mnazi wa tatu umeanguka, na sasa bahari iko hatua kumi na moja kutoka jikoni kwa mama. Amekwenda kwenye ofisi ya serikali, wamemwambia ni amri ya Mungu.

Amri ya Mungu siipingi. Lakini kiwanja cha hoteli ya jirani kilipimwa na binadamu, na kibali kikagongwa mhuri na binadamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka baharini, na ukuta wa hoteli umesimama ndani ya hizo mita. Wimbi likiugonga, linageuka na kuchimba upande wetu. Mchanga nao hauji tena, kwa sababu mito inayoshuka kutoka Mbezi na Tegeta inachimbwa mchana kweupe kwa ajili ya ujenzi. Hoteli ya Africana, pwani hiyo hiyo, ililiwa na bahari ile ile. Hakuna anayeweza kusema hakuonywa.

Jumamosi, 20 Julai

Mzee wa ghorofa ya chini ana kibanda kwenye visiwa vya huku. Aliomba kujenga stoo karibu na maji, akakataliwa: tangu 1975 mita 100 za ufukwe kwa kawaida zinalindwa nchi nzima. Halmashauri ikimpa mtu ruhusa maalumu, ofisi ya mkoa inaipitia na inaweza kuifuta. Alinieleza kwa hasira, mimi nikamwonea wivu. Ardhi ya huku inainuka karibu nusu sentimita kwa mwaka, gati la babu yake limebaki nchi kavu, na bado serikali inapima mita!

Kusini mwa nchi hii, huko Ystad, pwani inamomonyoka kweli. Mwaka 2011 halmashauri yenyewe ilichota mchanga chini ya bahari na kuumwaga ufukweni. Ni gharama kubwa, na mchanga ule unaondoka tena. Ndiyo maana naona wajibu wa serikali unaanza siku ya kibali, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Aliyetoa kibali ndani ya mita 60 ashiriki kulipa.

Nimeandika barua. Dada ataipeleka Jumatatu: tunaomba kuona faili la kiwanja, nani alipima, nani alisaini, na trekta lisimamishwe.

Jumapili, 21 Julai

Mwezi umetimia, na kwetu bamvua linarudi. Nimeuona juu ya maji pale Slussen, hapa mjini, yametulia kama ya kisimani. Saa tatu usiku dada ameandika kwamba vijana wa mtaa wamemsaidia kujaza mifuko arobaini ya mchanga, na mama amekataa kuhama chumba cha nyuma. Amesema atanipigia maji yakishatoka. Simu nimeiweka kando ya mto wa kulalia.