Anza na Meli

Mume wangu alipofariki hapa Hobart, Tasmania, nilibaki na mtoto mdogo na mama mkwe ambaye hatukuwa tumezoeana. Kwetu Tanga msiba hujaza nyumba. Hapa, baada ya maziko, kila mtu alirudi kazini, nasi wawili tukawa tunapishana jikoni bila la kusema.

Aliyetutoa katika hali ile ni mzee wa ukoo wao, mfungwa wa Kiingereza aliyeletwa kisiwani mwaka 1842. Marehemu alitamani sana kumtafuta, lakini maradhi hayakumpa nafasi. Ukoo ulikuwa umemficha kwa aibu, ingawa kati ya 1803 na 1853 wafungwa zaidi ya 70,000 walishushwa katika kisiwa hiki, enzi hizo kikiitwa Van Diemen's Land.

Tulianza na jina, tukakuta wanaume kadhaa wanaoitwa hivyo hivyo. Mfungwa alitambulishwa kwa jina lake pamoja na meli iliyomleta. Usipoijua meli, utamlilia asiye wako. Ndoa yake ndiyo iliyotuokoa. Mfungwa hakuoa mpaka serikali imruhusu, na daftari la maombi hayo hutaja meli.

Hapo mambo yakafunguka. Miaka 7 kwa wizi wa nguo. Kimo chake, kovu shavuni, herufi alizochanjwa mkononi kwa wino, siku aliyoadhibiwa kwa ulevi. Maofisa waliandika yote hayo ili wamdhibiti na wamtambue akitoroka, na kwa sababu hiyo wakamhifadhi kuliko maskini wenzake waliobaki Uingereza. Ninajua rangi ya macho yake. Ya babu mzaa baba yangu siijui.

Kisha tukafika kwenye majina ya jamaa aliowaacha: mama yake na ndugu zake, wote kijijini. Mama mkwe aliweka kidole juu ya jina la yule mama, akanyamaza kwa muda. “Huyu hakumwona tena mwanawe,” akasema. Sote tulijua anamsema nani mwingine. Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba, na usiku ule tukala meza moja.

Mzee wetu alimaliza kifungo akabaki. Serikali iliyogharimia safari ya kumleta haikumlipia mfungwa aliyemaliza adhabu nauli ya kurudi, na wengi wao walizikwa huku huku. Mama mkwe sasa anamtaja mbele ya wageni, kwa jina na kwa meli yake.

Ukiwa na mtu wako aliyepotelea katika safari hizo, anza na meli. Madaftari ya wafungwa wa Tasmania yanasomeka bure kwenye intaneti. Na kama mnaomboleza nyumba moja bila kusemezana, nawasihi, tafuteni kazi ya kuifanya pamoja.