Barafu za Idi na Haki ya Jirani

Yajulikana kwamba mwaka wa Kiislamu wapungukiwa na siku 10 au 11 kwa mwaka wa jua, na kwa hivyo Idi huzunguka majira yote. Idi el-Fitri ya 2025 ilitufikia hapa Unguja mwishoni mwa Machi, wakati kaskazi imekwisha kulegea na masika hayajashika, na joto ni kali mno. Siku kama hiyo, mtoto aliyekwisha pewa fedha yake ya sikukuu hutamani barafu kuliko kitu chochote.

Nyumbani kwetu tulitaka kuzitengeneza wenyewe, na sababu ilikuwa maji. Wengi hudhani kwamba baridi huua vijidudu vya maradhi, lakini sivyo. Vingi huviacha hai, na barafu ikiyeyuka kinywani hurejea katika kazi yao. Sisi wa Unguja hatujasahau kipindupindu cha 2015 na 2016. Basi yapasa maji ya barafu yachemshwe mpaka yatokote kwelikweli, walau dakika moja nzima, kisha yafunikwe yapoe.

Lakini Bibi yetu alituuliza neno lililotunyamazisha: "Wanangu, na jirani yenu atauza kwa nani?" Maana jirani yetu ni mjane, riziki yake yatoka katika barafu, na siku za sikukuu ndizo mavuno yake. Tukigawa zetu bure uchochoroni, nani atakwenda mlangoni kwake na shilingi? Na tukimwambia kwamba twayashuku maji yake, tutakuwa tumemjeruhi kwa jambo tusilo na ushahidi nalo.

Tukashauriana, na usiku mmoja baada ya tarawehe tukamwendea, tukamwomba aje atufundishe kazi hii jikoni kwetu, ubuyu, sukari, maji na makaa yawe juu yetu, na atakazozitengeneza tugawane. Akakubali kwa furaha.

Ubuyu ulirowekwa katika maji yaliyochemshwa na kupoa, ukavurugwa kwa mwiko mpaka unga ukaachana na kokwa, ukachujwa. Tui la nazi lilichemshwa mbali, pamoja na sukari na iliki, likaachwa lipoe ndipo vikachanganywa. Alitufunza kwamba sukari ikipungua barafu huwa ngumu kama jiwe, na ikizidi haigandi vyema, kwa kuwa maji matamu hutaka baridi kali zaidi ili yagande. Alitukataza kujaza vikombe mpaka ukingoni, maana maji yakiganda huvimba kwa kiasi cha sehemu 9 katika 100. Tena alituonya: umeme ukikatika, barafu za tui au za maziwa zikayeyuka na kukaa katika joto, zisigandishwe tena, bali zimwagwe.

Siku ya Idi zake alizichukua kuuza. Zetu tuliwapa wageni waliokuja kutupa mkono wa Idi, ndani ya nyumba, wala hatukuzitoa uchochoroni. Na watoto wetu tukawaacha waende na fedha zao wakanunue kwake. Kufika siku ya pili alikuwa amekwisha uza zote, akaja kuazima sufuria letu kubwa ili achemshe maji ya barafu nyingine.

Enyi vijana, tazameni jinsi kitu kidogo kama kikombe cha ubuyu kilivyobeba haki nyingi: haki ya tumbo la mtoto, haki ya mfuko wa mjane, na haki ya heshima yake. Dini yetu imetuusia sana juu ya jirani, na usia huo hauishi penye sahani ya pilau tu. Kabla hatujafanya wema wowote, yatupasa tutazame nani aweza kudhurika kwa wema huo, tukautengeneze upya kabla haujatoka mlangoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie Idi nyingi zenye afya na ujirani mwema. Amin.